Lugha ya Nyumbani ni Msingi wa Lugha ya Shule

Jioni, katika vijiji vingi vya Wilaya ya Kongwa, Mkoani Dodoma, jamaa hukusanyika uani wakimenya karanga au kupukuchua mahindi, na mazungumzo yao aghalabu huwa ya Kigogo. Asubuhi mtoto wa darasa la kwanza hukuta masomo yakifundishwa kwa Kiswahili, ambacho tangu 1967 ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Hodari wa maneno nyumbani huweza kuwa bubu darasani. Kwa kuliona hilo, baadhi ya wazazi huacha kumsemesha mtoto Kigogo, wakamsemesha Kiswahili cha amri tupu: njoo, leta, nenda. Je, njia hiyo humfaa?

Taaluma ya lugha yaonyesha kwamba haimfai. Mtoto hakuzi lugha kwa kuamrishwa, bali kwa kuzungumza na kujibiwa. Afikapo umri wa miaka sita amekwisha kushika sehemu kubwa ya sarufi ya lugha yake ya kwanza. Lakini ufundi wa kusimulia kwa mpangilio na kueleza sababu huendelea kukua miaka yote ya shule ya msingi. Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alieleza kwamba ufundi uliokomaa katika lugha moja huweza kuhamia katika lugha ya pili, mradi mtoto apate nafasi ya kutosha ya kujifunza hiyo ya pili. Kwa mtoto wa Kongwa safari ni fupi, kwa kuwa Kigogo na Kiswahili zote ni lugha za Kibantu. Asemaye munhu na wanhu amekwisha kuzoea ngeli atakayoikuta katika mtu na watu.

Basi mzazi na aseme na mtoto kwa lugha anayoimudu barabara, tena arefushe maneno yake. Mtoto akisema, "Mbuzi katoroka," ajibiwe, "Naam, katoroka kwa sababu kamba imekatika. Wadhani amekwenda wapi?" Hapo mtoto amesikia jinsi sababu inavyoungwa na tukio, kisha amepewa zamu ya kufikiri. Akikosea asichekwe, neno lirudiwe kwa usahihi katika jibu. Bibi amalizapo hadithi, mjukuu naye aisimulie upya. Vitendawili navyo humzoeza kulinganisha vitu kwa sifa zao, na huo ni mwanzo wa sayansi.

Masikio nayo yasisahauliwe. Mtoto atokwaye usaha masikioni, au asiyeitika aitwapo, apelekwe zahanati mapema, kwani ni vigumu kutamka vyema sauti isiyosikika vyema.

Mwanafunzi wa sekondari arudipo likizo anaweza kuianza kazi hii kwa mdogo wake. Amwombe asimulie mambo ya siku hiyo kwa Kigogo mpaka mwisho, bila kumkatiza; kisha wayasimulie tena pamoja kwa Kiswahili.