Kanisa la Sweden (2): Washarika wasioonekana ibadani

Juma lililopita tuliishia pale Mfalme Gustav Vasa alipolitenga Kanisa la Sweden na Roma. Leo tuingie kwenye fumbo lenyewe: Jumapili makanisa yana watu wachache mno, lakini nusu ya wananchi bado ni washarika. Walutheri wa Bukoba, ambao Mswidi Bengt Sundkler alikuwa askofu wao kabla ya kupokewa na Josiah Kibira mwaka 1964, lazima washangae. Kwao msharika ni mtu anayeonekana.

Huko Sweden usharika ulianzia daftarini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 ilitaka kila mtu aijue Katekisimu. Mchungaji akawa anapita vijijini. Kaya za jirani zinakusanyika nyumba moja, mwenye nyumba, mkewe, watoto na watumishi, na kila mmoja anaulizwa kwa zamu. Kitabuni aliandika nani anasoma vizuri, nani anababaika, nani amezaliwa, nani amehama. Vitabu hivyo ndivyo vilivyokuwa rejesta ya taifa, na Kanisa liliendelea kuandikisha raia hadi katikati ya mwaka 1991, mamlaka ya kodi ilipoichukua kazi hiyo.

Kujitoa hakukuwa rahisi. Tangu 1860 uliweza kuondoka, mradi ujiunge na dhehebu jingine lililoruhusiwa. Haki ya kutoka bila kwenda kokote ilikuja na sheria ya uhuru wa dini ya 1951. Na hadi 1996, mtoto mwenye mzazi mmoja tu aliye msharika alihesabiwa naye msharika tangu kuzaliwa, awe amebatizwa au la.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Waswidi wamemwacha Mungu ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 1972 washarika walikuwa takriban asilimia 95 ya wananchi. Kanisa lilipoachana na serikali, Januari 1, 2000, walikuwa kama 83. Leo wamezidi nusu kidogo tu. Lakini ile 95 haikupima imani hata siku moja. Ilipima nani ni wa nchi ile.

Wanaobaki sasa ndio wa kutazamwa. Msharika hukatwa takriban asilimia moja ya kipato chake kinachotozwa kodi. Akitaka kutoka, anajaza fomu na kuituma. Ikiandikishwa kufikia Novemba 1, mwaka unaofuata hakatwi tena. Wala habaki kwa kuogopa kukosa kaburi, kwa kuwa ada ya maziko hulipwa na kila mtu mwenye kipato, awe msharika au asiwe. Kwa hiyo anayeendelea kulipa ameamua mwenyewe. Anataka mwanawe abatizwe, kwaya iwepo, shemasi amtembelee mzee aliye peke yake, hata kama yeye ibadani haendi. Imani ya namna hii ni ya kimya, na mimi naiheshimu.

Juma lijalo: uchaguzi wa Kanisa, ambamo vyama vya siasa navyo husimamisha wagombea.