Mpangaji akifa, rekodi yake isizikwe naye

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mtaa wa Kaloleni, ulio kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, methali hiyo ina uzito wa pekee. Nyumba za mtaa huo zilijengwa katika miaka ya 1940, na wanaozikalia ni wapangaji wa serikali ya jiji, ambayo tangu 2013 ni serikali ya kaunti. Zipo familia zilizoishi humo kwa vizazi kadhaa. Kwa familia ya namna hiyo, jina lililo katika rejista na stakabadhi za kodi ni ushahidi kwamba baba au nyanya aliishi pale na alilipa.

Rejista ya aina hiyo inapohamishwa kutoka kwenye daftari hadi kwenye tarakilishi, usalama wake hutegemea jinsi programu inavyozungumza na hifadhidata.

Tuchukue mfano wa mtaa wenye nyumba 500. Hifadhidata yake yaweza kuwa na majedwali matatu: la nyumba, la wapangaji na la malipo. Kila mstari hupewa nambari yake, na mstari wa malipo hubeba nambari ya mpangaji aliyelipa ili uhusiano usipotee. Msingi wa utaratibu huu uliwekwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyeifanyia kazi kampuni ya IBM, katika makala aliyochapisha mwaka 1970. Lugha inayotumiwa sana kuyaamrisha majedwali hayo ni SQL.

Lakini lugha nyingi za kuandikia programu, mathalani Java na Python, hazifikiri kwa majedwali. Kwazo, mpangaji ni kitu kimoja kamili chenye jina, nyumba na malipo yake yote. Hapo zamani mtayarishaji programu alilazimika kutafsiri mwenyewe, amri baada ya amri.

Ndipo zikabuniwa maktaba za kuoanisha vitu na majedwali. Hibernate ilianzishwa na Gavin King mwaka 2001; Django, yenye maktaba yake ya aina hiyo, ilitolewa kwa umma mwaka 2005. Maktaba hizi ni mkalimani. Mtayarishaji hueleza mara moja tu mpangaji ni nini na anahusianaje na malipo. Baadaye akisema “hifadhi”, maktaba hutunga amri ya SQL yenyewe. Aidha, hutenganisha amri na maneno yaliyoandikwa na mtumiaji, hivyo kumzuia mhalifu anayejaribu kupenyeza amri zake kupitia fomu.

Hata hivyo, mkalimani ana gharama yake. Programu ikiomba orodha ya nyumba zote 500, kisha iulize mpangaji wa kila nyumba mmoja mmoja, hifadhidata itapokea maswali 501 ilhali swali moja lililotungwa vyema lingetosha.

Kasoro hiyo huchelewesha kazi tu. Iliyo nzito zaidi ni ya kufuta. Maktaba hizi zaweza kuagizwa kwamba mstari mmoja ukifutwa, yote inayoutegemea ifutwe pia. Mpangaji akifariki na karani akabofya “futa”, malipo ya miaka 40 hutoweka pamoja na jina lake. Mwanawe akija kudai kwamba kodi ililipwa, tarakilishi haitakuwa na la kusema.

Kutokana na hatari hiyo, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017, Django humlazimisha mtayarishaji kutaja wazi litakalotokea: yategemeayo yafutwe, ufutaji ukataliwe, au nafasi ya jina iachwe tupu.

Kenya ina mfano mwema wa kuigwa. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumiwa mjini Eldoret mwaka 2006, hutumia Hibernate. Katika mfumo huo, rekodi yenye kosa kwa kawaida haifutwi. Hutiwa alama kuwa imebatilishwa, pamoja na jina la aliyeibatilisha, tarehe na sababu. Daktari haioni katika kazi zake za kila siku, lakini mkaguzi akiitafuta, ipo.

Rejista ya nyumba yafaa ifuate njia iyo hiyo. Kuwe na jedwali la nne, la upangaji, lenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Mzee akifariki, upangaji wake hufungwa kwa tarehe; mrithi akikubaliwa, hufunguliwa mstari mpya wa nyumba ile ile. Maktaba nayo iagizwe kukataa kumfuta yeyote mwenye malipo.

Maktaba humpunguzia mtayarishaji kazi ya kuandika amri, lakini haimwamulii lipi lihifadhiwe. Uamuzi huo ni wa binadamu, na yafaa ufanywe kabla ya karani wa kwanza kuketi mbele ya tarakilishi.