UVIMBE WA GOTI, WA MTU NA WA NG'OMBE

Msomaji, mtazame ngamia anapopiga magoti ili apakiwe mzigo. Hana haja ya mkeka, kwa kuwa ameumbwa na sugu nene kifuani na katika viungo vya miguu. Mwanadamu hana sugu za namna hiyo. Akipiga magoti kutwa akipalilia shamba lake ukingoni mwa mto Tana, au akitengeneza sakafu ya nyumba mjini Garissa, goti lake laweza kuvimba kwa mbele, likawa laini kama mfuko uliotiwa maji. Wengine wakiona hivyo hukimbilia chuma cha moto. Yafaa kwanza kujua uvimbe huo ni kitu gani.

Karibu na viungo vya mwili mna vifuko vidogo vyenye ute kidogo. Kazi yake ni kuzuia ngozi, kano na mifupa visisuguane. Kifuko kikikandamizwa siku nyingi, au kikipigwa, huuma na kujaa maji. Jambo hili hutokea katika goti, kiwiko, bega na nyonga. Kwa kawaida si ugonjwa mkubwa, na mara nyingi huisha kwa majuma machache mtu akijitunza nyumbani. Fanya hivi:

1. Pumzisha kiungo. Acha kwa muda kazi iliyokiumiza, lakini kikunje na kukinyosha polepole kila siku kisije kikakakamaa.

2. Chovya kitambaa safi katika maji baridi ya mtungi, ukiweke juu ya uvimbe kwa dakika 15 au 20, mara tatu au nne kwa siku. Kama una barafu, izungushie kitambaa. Usiiweke juu ya ngozi tupu.

3. Ukilala, inua mguu juu ya mto.

4. Maumivu yakizidi, meza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa.

5. Ukirudi kazini, pigia magoti juu ya gunia lililokunjwa au kipande cha godoro, na usimame mara kwa mara.

Usichome uvimbe kwa chuma, wala usiutoboe kwa sindano au wembe. Maji yaliyomo yamo katika mfuko uliofungwa, na ukiufungua unavipa vijidudu njia ya kuingia. Hapo uvimbe mdogo utageuka jipu, na mtu aweza hata kupoteza uwezo wa kutembea vizuri.

Sasa, mfugaji, liangalie goti la ng'ombe wako. Pengine umemwona ng'ombe mwenye uvimbe mkubwa, laini, juu ya goti la mguu wa mbele. Huenda aliumizwa na ardhi ngumu tu. Lakini mara nyingi uvimbe huo ni alama ya brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia kutupa mimba. Maji yaliyo ndani ya uvimbe huo yaweza kuwa yamejaa vijidudu. Mtu anayeutoboa kwa kisu hujimwagia ugonjwa mikononi mwake.

Brusela humwingia mtu pia, hasa kwa maziwa mabichi na kwa kushika mimba iliyotupwa au kondo la nyuma bila kujikinga. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Goti au nyonga yaweza kuvimba. Mtu kama huyo akikanda goti lake kwa maji baridi mwaka mzima, hatapona.

Ugonjwa huu umejulikana zamani. Mwaka 1887 daktari David Bruce alivigundua vijidudu vyake katika askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. Mwaka 1905 Themistocles Zammit alionyesha kwamba mbuzi wa kisiwa hicho walikuwa navyo. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ikapungua sana miongoni mwao.

Basi, nenda hospitali au zahanati siku hiyo hiyo kama kiungo kilichovimba ni chekundu na cha moto, kama una homa, kama kuna jeraha au usaha, au kama mtoto anakataa kukanyaga mguu. Nenda pia kama uvimbe haupungui baada ya majuma mawili. Mwambie mganga kwamba unafuga, na kwamba hunywa maziwa mabichi. Asipojua hilo aweza kudhani ni malaria au baridi yabisi. Damu itapimwa. Ikiwa ni brusela, dawa zipo, nazo humezwa kwa muda wa majuma sita hivi. Usiziache kwa sababu umepata nafuu, maana ugonjwa hurudi.

Nyumbani, chemsha maziwa mpaka yatokote, hata ya ngamia. Wazee wengi hupenda maziwa ya ngamia yakiwa mabichi au yaliyogandishwa, lakini kugandisha si dawa ya kutegemewa ya kuua vijidudu. Yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe. Mnyama akitupa mimba, vaa mifuko ya plastiki mikononi, uifukie mimba shimoni mbali na mbwa, kisha unawe kwa sabuni.

Ng'ombe mwenye goti lililovimba usimfiche wala usimpeleke soko la Garissa ili awe taabu ya mwingine. Mtenge, umwite afisa wa mifugo ampime. Umwulize pia habari za chanjo ya mitamba. Goti la ng'ombe wako laweza kukuonya mapema kabla goti la mtoto wako halijavimba.