Limau Kabla ya Sabuni

Rodi Kopany ni mji wa njia panda nchini Kenya. Hapo ndipo barabara ya Ndhiwa inapoachana na ile inayotoka Rongo, kaunti ya Migori, kuelekea Homa Bay. Ingia sebule ya mtu wa huku nawe utapokewa na vitambaa kabla hujapewa kiti. Viko mgongoni mwa kochi, viko kwenye mikono yake, viko juu ya meza na hata juu ya televisheni. Ni vyeupe, vya kroshia, na vingine vimekula jioni nyingi za mama mwenye nyumba. Kisha mgeni analetewa kikombe kilichojaa hadi ukingoni, maana kikombe nusu ni aibu ya nyumba. Hapo mtoto akipita mbio, kahawa iko kwenye kitambaa.

Mara nyingi ni chai. Huku chai ndiyo mfalme, na kahawa ni ya dereva wa safari ndefu, mwanafunzi anayekesha, au nyumba iliyopata mgeni wa heshima. Hata hivyo kahawa si ngeni. Vilima vya Kisii haviko mbali, na miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kuipanda. Tena madoa ya vinywaji hivi viwili ni ndugu. Kila kimoja kina tanini, jamii ileile ya kemikali inayokamuliwa kwenye maganda ya mti wa muwati ili kusindikia ngozi. Tanini hupenda kushikamana, na pamba inaikaribisha.

Sasa tazama linalofanyika doa likitokea. Mama anashika kipande cha sabuni, anamimina maji ya moto kwenye karai, anafikicha kwa nguvu zote. Asubuhi doa liko palepale, limegeuka kutoka rangi ya mchanga hadi rangi ya udongo wa kichuguu. Anadhani kitambaa ni kibaya, au sabuni ni ya kuchakachuliwa. Kumbe kitambaa na sabuni havina kosa, kilichokosewa ni mpangilio. Kuna jambo ambalo kila jiko la huku linaweza kumwonyesha kwa macho yake.

Mimina strungi, yaani chai isiyo na maziwa, kwenye glasi mbili. Katika moja kamua limau: rangi itafifia papo hapo, iwe ya dhahabu. Katika nyingine tia punje kidogo za magadi, yaleyale ya kulainishia mboga za osuga na apoth: strungi itakolea iwe ya giza. Kahawa haibadiliki upesi kiasi hicho, ila inaelekea kulekule. Asidi huilegeza rangi ya vinywaji hivi, na magadi huikaza. Sabuni ya kipande iko upande wa magadi. Imetengenezwa kwa mafuta yaliyopikwa na soda kali, na ukiisugua kwenye doa bichi la kahawa unaliongezea rangi, halafu maji ya moto yanaliingiza ndani ya uzi.

Kwa hiyo tumia maji baridi. Kwanza kausha kwa kitambaa kikavu kwa kugandamiza, usifikiche, kwa sababu kufikicha hulitanua doa na kuzisukuma chembe zake katikati ya nyuzi. Kisha geuza kitambaa, doa litazame chini, na umwagilie maji kutoka nyuma ili kahawa itoke kwa njia iliyoingilia. Kikombe kimoja au viwili vinatosha. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu mahali ambapo watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20, ushauri wa kuacha mfereji utiririke hauna maana.

Baada ya hapo changanya siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili, tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, paka, uache robo saa, suuza. Kama siki hakuna, limau linatosha, ila kwenye nguo ya rangi lijaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Sabuni ya kipande na ya unga zije mwisho kabisa, doa likishaondoka, kwa ufuaji wa kawaida.

Hayo ni ya kahawa tupu. Kahawa ya maziwa ni habari nyingine, na ndiyo inayonywewa zaidi katika sebule zetu. Maziwa yana protini na mafuta. Protini ikipata joto huganda, kama ute wa yai kwenye kikaango, na ikishaganda ndani ya uzi haing'oki kwa urahisi. Hapa maji ya moto ni adui hasa. Loweka katika maji baridi yenye sabuni ya maji kwa nusu saa ili mafuta na protini vitoke kwanza, ndipo siki ishughulikie rangi iliyobaki.

Halafu kuna sukari, ambayo watu huisahau kwa sababu haionekani. Sisi tunakunywa tamu. Kitambaa kinakauka kikionekana safi, kinapigwa pasi ya makaa, na mahali pa doa panatokea rangi ya kahawia. Ni sukari imeungua. Kitambaa ambacho hujahakikisha kimetakata kisiguse pasi. Kikague kikiwa bado kibichi, mahali penye mwanga, na kama kuna kivuli cha doa, rudia siki.

Kwa doa sugu kwenye kitambaa cheupe, nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Paka juu ya doa, iache nusu saa, suuza. Inavunja rangi kisha inabaki maji na oksijeni tu. Mimi naiamini kuliko Jik, na ninasikitika kuona Jik inavyokimbiliwa. Jik ni dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Kwenye pamba nyeupe, ikiwa imezimuliwa vizuri kwa maji baridi, inafanya kazi. Kwenye sufu na hariri inakula uzi wenyewe. Kwenye kanzu za rangi za waumini wa kanisa la Legio Maria, ambao kilima chao kitakatifu cha Got Kwer kiko hapo Migori, tone moja linaacha baka ambalo hakuna fundi anayelirudisha.

Tena kuna hatari kubwa kuliko nguo. Aliyetumia siki au limau, asiposuuza kabisa kisha akamwaga Jik juu yake, anatoa gesi ya klorini ndani ya chumba. Ni gesi hiyohiyo iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Jik isichanganywe na chochote isipokuwa maji, na watoto wawe nje.

Kujua uzi wako ni pamba au la, chukua ncha ndogo iliyobaki ulipofuma, uishike kwa kibanio, uiwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Uzi wa sintetiki huyeyuka ukawa kitone kigumu. Huo wa kuyeyuka haunywi kahawa sana, na doa lake hutoka mapema, lakini mafuta ya maziwa huung'ang'ania, kwa hiyo sabuni ya maji itangulie na siki ifuate.

Doa la wiki iliyopita bado lina tiba. Lipake gliserini, ile ya kupaka midomo iliyokauka, uiache saa moja ililainishe, kisha anza tena tangu maji baridi. Likishapigwa pasi, peroksaidi mara mbili au tatu italififisha. Likigoma kabisa, kitambaa hicho kihamie chini ya chombo cha maua.