Udongo wa Ndoo Si Udongo wa Shamba

Jirani yangu wa Tabata, mama mtu mzima anayependa bustani kuliko yeyote mtaani kwetu, aliniita nikaangalie nyanya zake. Alikuwa na ndoo kumi na moja za lita 20 zimepangwa kando ya ukuta, na kila mche ulikuwa umenyong'onyea kama nguo iliyoloa.

"Mwanangu," akaniambia, "udongo huu umetoka Morogoro, shambani kwa kaka yangu. Kule mahindi yanampita mtu urefu. Na maji naimwagilia asubuhi na jioni, sasa inataka nini tena?"

Nikamwomba ruhusa ya kung'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini, ikichunika kwa kidole na kunuka kama tope la mtaroni. Mizizi hupumua. Ikikosa hewa, haiwezi kunyonya maji hata kama imezungukwa nayo, na jani hulegea vilevile kama la mmea wenye kiu. Mama wa watu alikuwa akiona dalili ya kiu na kuongeza maji, kumbe nyanya zilikuwa zinazama. Jambo hili limeua mimea mingi ya nyumbani kuliko wadudu, nami naliona kila mwaka.

Udongo wa kaka yake haukuwa na kosa lolote. Kosa ni kuutia ndooni kama ulivyo. Shambani, chini ya mizizi kuna udongo mwingine, na mwingine tena chini yake, unaovuta maji kwenda chini kama utambi unavyovuta mafuta. Ndoo ina kitako. Maji yakifika pale hayana udongo wa kuyapokea, kwa hiyo sehemu yake hushikwa na chembe za udongo na kubaki sentimita kadhaa juu ya kitako, hata matundu yakiwa wazi kabisa.

Jaribu na sponji ya kuoshea vyombo. Ichovye mpaka ishibe, ishike ikiwa imelala bapa juu ya beseni, usubiri iache kudondosha. Kisha isimamishe wima. Itadondosha tena, ingawa ni sponji ileile na hukuongeza maji. Ukanda unaobaki umelowa chini una kimo kilekile, sponji iwe imelala au imesimama. Ikilala, ukanda huo unakula karibu sponji yote. Ndiyo maana karai pana na fupi huozesha mizizi upesi kuliko ndoo ndefu yenye udongo uleule.

Hapo pia ndipo unapoelewa kwa nini kokoto chini ya ndoo hazisaidii. Najua tumefundishwa hivyo, na walionifundisha mimi ni watu ninaowaheshimu, lakini maji hayashuki kutoka kwenye chembe ndogo kwenda kwenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu ushibe kwanza. Kokoto zinainua ukanda ule wa maji na kuusogeza karibu na mizizi. Toboa matundu mengi kwenye kitako, inua ndoo kwa vipande vya tofali, na ujaze mchanganyiko mmoja toka chini hadi juu.

Mchanganyiko gani? Huko Uingereza, katika miaka ya 1930, William Lawrence na John Newell wa taasisi ya John Innes walichoshwa na miche iliyokuwa ikifa vyunguni, wakafanya majaribio mpaka wakapata vipimo hivi kwa ujazo: udongo tifutifu sehemu 7, piti sehemu 3, mchanga wa chembe kubwa sehemu 2. Piti ni mabaki ya mimea yaliyolala vinamasini kwa maelfu ya miaka. Angalia hesabu hiyo: kati ya sehemu 12, tano si udongo, na hao walianza na udongo mzuri. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliuacha udongo kabisa.

Sisi hatuna haja ya piti. Pwani yetu ina makumbi ya nazi, na vumbi linalobaki baada ya kuchambua usumba hushika maji na hewa kwa pamoja, jambo ambalo vitu vichache vinaliweza. Ila uliza limetoka wapi. Zanzibar, makumbi huzikwa ufukweni maji ya bahari yakiyapitia kwa miezi kabla ya kupondwa, kwa hiyo vumbi lake lina chumvi. Liloweke kwenye maji baridi usiku kucha, ulikamue, umwage maji, urudie mara tatu. Kwa walio mbali na pwani, pumba za mpunga zilizounguzwa mpaka zikawa nyeusi, si jivu, hufanya kazi nzuri sana ya kuachanisha udongo. Wenzetu wa Bonde la Ufa wana mawe mepesi ya volkano, yale ya kusugulia visigino. Yakivunjwa kufikia ukubwa wa punje ya mahindi, hukaa miaka bila kuoza.

Kwa nyanya na hoho mimi huchanganya udongo ndoo mbili, mboji iliyoiva ndoo moja, vumbi la usumba ndoo moja na pumba zilizounguzwa ndoo moja. Mchanga wa mto unafaa kuziba pengo ukiwa wa chembe kubwa. Wa ufukweni una chumvi na magamba ya kombe, uache. Udongo wa kichuguu, ambao wengi huusifu, una mfinyanzi mwingi. Shambani ni mali, ndooni hukaza kama tofali. Vumbi la mbao mbichi nalo hunyang'anya mmea naitrojeni wakati linapooza.

Usiuamini mchanganyiko wangu wala wa mtu mwingine kabla ya kuupima. Ziba matundu ya ndoo ya lita 10, ijaze mchanganyiko, umwagie maji polepole mpaka yang'ae juu, uongeze kila yanapozama. Kisha zibua juu ya beseni na upime yaliyotoka. Yakiwa kati ya lita 1 na 2, nafasi iliyoachwa na maji hayo sasa ina hewa, na mizizi itapumua. Yakiwa chini ya nusu lita, ongeza pumba. Nilipopima udongo wa Morogoro wa jirani yangu, yalitoka maji ya kikombe kimoja cha chai.

Chakula cha mmea ni jambo jepesi zaidi. Mboji hubeba mwezi wa kwanza. Baada ya hapo kizibo kimoja cha soda cha NPK kwa kila ndoo ya lita 20, kila wiki tatu, kinatosha. Majivu ya jikoni, konzi moja tu, kwa kuwa yanapunguza uchachu haraka na yakizidi majani mapya hugeuka njano. Mbolea ya kuku mbichi huunguza mizizi, isubiri miezi mitatu.

Udongo uliolimwa nyanya, bilinganya au viazi mviringo unaweza kuwa na mnyauko bakteria au minyoo fundo. Uloweshe kidogo, utandaze kwa kina cha sentimita 15 juani, uufunike kwa nailoni angavu na ukandamize kingo kwa mawe kwa wiki nne hadi sita. Nailoni nyeusi haipitishi jua hadi kwenye udongo kama ile angavu. Jua la Januari na Februari hapa Dar linatosha kabisa.

Mchanganyiko ukiwa tayari, panda kwanza maharage matatu katika ndoo moja, maana maharage hayavumilii chumvi wala samadi changa. Kingo za majani zikiungua, mwagilia maji mengi yapite chini mara mbili tatu, usubiri wiki mbili, upande mengine. Yakitoka mazima, hamisha miche. Jirani yangu alipanda ya kwake Jumapili, na asubuhi ya Ijumaa yalikuwa yameinua shingo.