Printa mbovu, skrubu iliyochoka na mikroni 15

Msimu wa mavuno ya mpunga ukifika Ifakara, mashine za kukoboa hazipumziki. Magunia yanajaa mpaka nje. Sasa fikiria beringi ya mashine moja imekufa na imekula shafti. Shafti inapelekwa kwa fundi mkereza vyuma, anaijaza kwa kulehemu, anaikereza upya, beringi mpya inaingia. Siku 3 baadaye inapiga kelele, inachemka, kazi inasimama tena. Mwenye mashine anasema beringi ni feki. Inawezekana. Ila kuna mtuhumiwa mwingine: kipimo.

Tuone namba zenyewe. Beringi ya 6205 ina tundu la milimita 25. Ili ikae imara kwenye shafti inayozunguka, kipimo kimoja kinachopendekezwa ni shafti izidi milimita 25 kwa mikroni 2 hadi 15 tu. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako una unene wa mikroni 70 hivi. Shafti ikiwa ndogo, beringi inateleza juu yake na kuila. Ikiwa kubwa mno, gololi za ndani zinabanwa na kukosa nafasi ya kuzunguka.

Je, fundi anajuaje kisu chake kimesogea kiasi gani? Kwenye mashine nyingi za kukereza, anasoma alama kwenye hendeli. Hendeli inazungusha skrubu, skrubu inasukuma meza iliyobeba kisu. Shida ni kwamba skrubu na nati yake zikishasuguana miaka mingi zinaanza "kucheza": unageuza hendeli, kisu hakitikisiki. Kama skrubu inasogeza meza milimita 4 kwa raundi, basi moja ya kumi ya raundi iliyopotea ni milimita 0.4. Hapo mikroni 15 tumeshazisahau.

Bonde hili si geni kwa kazi za namna hii. Ukitoka Ifakara kwenda Kidatu unapita Mang'ula. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilipokuwa ikijengwa kati ya 1970 na 1975, Mang'ula palikuwa na karakana ya kuhudumia ujenzi huo, na baadaye ikawa kampuni ya Mang'ula Mechanical and Machine Tools. Mashine nzito za kukereza zina mwili wa chuma unaodumu miongo mingi. Kinachochoka mapema ni skrubu. Kwa hiyo mashine kuukuu si lazima iwe ya kutupwa. Huenda inahitaji macho mapya tu.

Macho hayo tunaweza kujitengenezea, ingawa sisi wenyewe tulianza kwa kukosea. Tulifunga chipu ya sumaku kwenye hendeli, ile inayogawa raundi moja katika vipande 4,096. Kwa skrubu ya milimita 4, kila kipande ni karibu mikroni 1. Tukajiona wajanja kweli! Fundi mmoja mzee akaitazama namba kwenye kioo, akauliza:

"Mwanangu, hiki kinapima skrubu au kinapima kisu?"

"Kinapima skrubu, mzee."

"Na skrubu si ndiyo inayodanganya?"

Swali lile ndilo somo zima. Kihisi kipime meza yenyewe. Ukikifunga kwenye skrubu, unaandika uongo wa skrubu kwa tarakimu nyingi zaidi.

Turudi kwenye printa mbovu. Fungua printa ya wino iliyokufa pale stesheneri, utaona utepe mwembamba wa plastiki angavu mbele ya reli ya kichwa cha wino. Ukiumulika, utaona mistari midogo sana. Tepe nyingi zina mistari 150 kwa inchi, yaani mstari mmoja kila milimita 0.169. Karibu yake kuna kihisi chenye taa upande mmoja na macho mawili upande wa pili. Utepe ukipita katikati, mwanga unakatika na kurudi, na kila macho yanapoona badiliko, kompyuta ndogo kama Arduino inahesabu.

Kwa nini macho mawili? Yamepishana kwa robo ya nafasi ya mstari. Utepe ukienda kulia, jicho la kwanza linabadilika kabla ya la pili. Ukienda kushoto, la pili linatangulia. Ni kama kutazama miguu ya mtu na kujua anakwenda mbele au anarudi nyuma. Zaidi ya hapo, kila mstari unatoa hatua 4, hivyo hatua moja inakuwa milimita 0.042.

Funga utepe kwenye sehemu isiyosogea, kihisi kwenye meza, sambamba kabisa na mwendo na karibu na usawa wa kisu. Ukaribu huo ni muhimu: utepe ukiwa milimita 100 kutoka kwenye kisu, na meza ikajipinda nyuzi 0.02 tu, unapata kosa la milimita 0.035. Funika vizuri, kwa sababu tone moja la mafuta linafuta mistari machoni pa kihisi. Na umeme ukikatika, hesabu inapotea. Gusa kazi kwa kisu, anza sifuri upya.

Je, utepe huu unatosha kwa beringi yetu? Hapana. Kisu kikiingia hatua moja ya 0.042, kipenyo kinapungua mara mbili yake, karibu 0.085, kwa sababu kinakatwa pande zote. Utepe wa printa unafaa kwa urefu: bega la shafti likae wapi, mfereji wa spii uishie wapi. Kwa kipenyo, wengine hufunga kalipa ya dijitali kwenye meza, inayosoma kwa hatua za 0.01. Hiyo nayo haipendi maji, kwani inasoma umeme kati ya vibati vidogo ndani yake. Mkanda wa sumaku unavumilia mafuta, lakini unavuta vumbi la chuma. Na mikroni 15 za mwisho ni kazi ya maikromita mkononi, shafti ikiwa imepoa. Shafti ya milimita 25 ikipanda joto kwa nyuzi 30 inavimba karibu mikroni 9, zaidi ya nusu ya nafasi uliyonayo!

Mwisho, usiamini kihisi chako kabla hujakijaribu. Nunua 6205 halisi. Kipenyo chake cha nje ni milimita 52, na kiwanda kinaruhusiwa kukosea mikroni 13 tu, kwa kupungua. Sogeza meza iguse kizuizi, weka sifuri, irudishe, kisha ipachike beringi katikati ikiwa imelala ubavu na uguse tena. Kioo kisome 52. Usitumie upana wa beringi: huo unaruhusiwa kupungua hata mikroni 120.

Rudia mara 10, ukija kutoka mbele na kutoka nyuma. Namba zikitofautiana, tafuta kinachocheza kabla ya kuigusa shafti ya mtu. Msimu wa mavuno haumsubiri fundi.