Sentimita tatu, risasi ngapi? Fizikia ya kurefusha magazini ya bastola ya mashindano

Kama unasoma hapa ukiwa Bariadi, Maswa au Meatu, yawezekana silaha uliyowahi kuiona kwa karibu ni gobole la mzee fulani, au bunduki ya askari wa wanyamapori. Gobole halina mambo mengi: unajaza, unapiga, unaanza upya. Leo tuko upande wa pili kabisa, kwenye bastola ya mashindano, na kwenye swali ambalo wachezaji wa mchezo huo hulijadili sana: je, nirefushe magazini, na kama ndiyo, kwa kiasi gani?

Utaniuliza, sisi wa Simiyu inatuhusu nini? Kwanza, swali hili ni fizikia ya sekondari ikiwa kazini: springi, msuguano, uzito, hesabu za namba nzima. Pili, kuna watu wanalipa hela nyingi kununua kitu ambacho hesabu ya dakika tano ingewaambia hakitawasaidia. Hiyo inatuhusu wote, hata kwenye betri za simu.

Tuweke mipaka mapema. Sizungumzii silaha za mtaani. Hapa Tanzania bastola, risasi na leseni zake vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usije ukaanza kuchonga vipuri gereji kwa sababu ulisoma blogu.

Mchezo wenyewe

Kwenye Olimpiki swali hili halipo. Bastola ya hewa ya mita 10 hujazwa risasi moja moja. Ile ya mita 25 ya kupiga haraka hupigwa kwa mafungu ya risasi tano, ndani ya sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Urefu wa magazini haumsaidii mtu hapo.

Swali linazaliwa kwenye ulengaji wa vitendo, mchezo unaosimamiwa duniani na shirikisho linaloitwa IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Majirani zetu Kenya wanaucheza. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, unajulikana kwa hilo. Mchezaji anakimbia kwenye njia iliyopangwa, anapiga shabaha akiwa sehemu mbalimbali, saa inahesabu. Alama zake zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Ukipata alama 160 kwa sekunde 20, una 8.0. Alama zilezile kwa sekunde 21.5 zinakupa 7.44. Sekunde moja na nusu, ambayo ni muda wa kawaida wa kubadilisha magazini, imekula karibu asilimia saba ya matokeo yako.

Ndiyo maana mtu anatamani magazini ndefu. Risasi nyingi ndani, kubadilisha mara chache.

Ila kanuni zimeshaliona hilo. Daraja la Production linataka magazini isizidi risasi 15, kwa hiyo kiongezeo hakikupi risasi yoyote ya ziada. Daraja la Standard linataka bastola pamoja na magazini yake tupu viingie kwenye sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Ukirefusha kitako kupita kiasi, sanduku halifungi, na daraja limekukataa. Daraja la Open linaruhusu magazini ya hadi milimita 170. Kwa hiyo kabla hujatazama bei, jiulize unacheza daraja gani. Nashangaa ni mara ngapi hatua hii inarukwa.

Milimita 5 kwa kila risasi

Risasi ya milimita 9 ina unene wa karibu milimita 10 kwenye kitako cha ganda lake. (Tisa ni kipenyo cha kichwa kinachotoka, ganda ni nene zaidi.) Kama risasi zingepangwa moja juu ya nyingine kwenye mstari mmoja, kila sentimita ya urefu ingebeba risasi moja.

Lakini magazini nyingi za mashindano hupanga risasi kwa zigizaga, moja kushoto, moja kulia, kama mafundi wanavyopanga matofali kwa kupishanisha. Chora duara mbili zinazogusana juu na chini upande wa kushoto, kisha ingiza ya tatu kwenye pengo lao upande wa kulia. Vitovu vya duara hizo vinafanya pembetatu yenye pande sawa. Kitovu cha ile ya kulia kiko katikati kabisa kwa kimo kati ya zile mbili. Yaani kila risasi inaongeza nusu ya kipenyo tu kwenda juu: milimita 5.

Hiyo ndiyo kikomo cha jiometri, hakuna mtengenezaji anayeweza kukivuka. Kiongezeo chenye nafasi ya milimita 30 ndani kinaweza kubeba risasi sita, basi. Akikuambia nane, mwulize kapata wapi nafasi.

Na hata hizo sita, ngoja kwanza.

Springi ndiyo mwenye kazi

Ndani ya magazini kuna vitu vichache: bomba, kitako chake, springi, na kibao kidogo kinachokaa juu ya springi na kusukuma risasi kwenda juu. Kila unapopiga, sehemu ya juu ya bastola inarudi nyuma, inatupa ganda tupu, kisha inarudi mbele kuchukua risasi mpya. Kabla haijafika mbele, springi lazima iwe imeshapandisha msururu mzima wa risasi kwa hatua moja. Ikichelewa, bastola inakwama, saa inaendelea kuhesabu, na lile fungu la sekunde ulilotaka kuokoa unalipoteza mara tano.

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi za springi ni zangu za mfano, nimezichagua ziwe rahisi. Tuseme springi ikiwa huru ina urefu wa milimita 250, na kila milimita 10 unazoibana inasukuma kwa nguvu ya newton 1 zaidi. Magazini inabeba risasi 15. Ikijaa, springi imebanwa hadi milimita 40. Ikiisha, imepanda milimita 75 (risasi 15 mara 5), kwa hiyo ina urefu wa milimita 115.

Ikijaa inasukuma kwa newton 21. Kwenye risasi ya mwisho inasukuma kwa newton 13.5.

Weka kiongezeo cha milimita 30, springi ileile. Ikijaa bado imebanwa hadi milimita 40, bado newton 21, na una risasi 21. Safi? Hapana. Risasi ya mwisho inapofika juu, springi sasa ina urefu wa milimita 145, na nguvu iliyobaki ni newton 10.5. Umepoteza zaidi ya asilimia 22 ya nguvu pale pale ambapo springi ilikuwa dhaifu tayari.

Upande wa juu nao una deni. Risasi moja ina uzito wa gramu 12 hivi. Risasi 15 ni gramu 180. 21 ni gramu 252. Newton 21 zilezile zinainua mzigo mkubwa kwa asilimia 40. Ukiacha msuguano kando na kutoa mvuto wa dunia, muda wa kupanda milimita 5 unatoka kama milisekunde 10 kwenda karibu 12. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini sehemu ya juu ya bastola haisubiri mtu.

Hapa kuna jambo la manufaa kwa yeyote anayechunguza magazini inayokwama. Ikikwama kwenye risasi za mwisho, springi imefika mwisho wa pumzi: ni fupi au imechoka. Ikikwama kwenye zile za kwanza, tafuta mzigo na msuguano: springi imebanwa kupita kiasi, au risasi zimesukumwa juu kwa nguvu mno hadi ile ya kwanza inagoma kuteleza. Hizo ni dalili mbili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Basi tununue springi ndefu?

Ndiyo, na watengenezaji wazuri huuza kiongezeo pamoja na springi yake. Lakini springi ndefu haiji bure. Ugumu wa springi unapungua kadiri unavyoongeza mizunguko ya waya. Kata springi ya kalamu katikati uone: kila nusu ni ngumu mara mbili ya nzima. Kinyume chake, ongeza mizunguko kwa asilimia 20, ugumu unashuka hadi newton 0.83 kwa kila milimita 10.

Kwenye mfano wetu, springi hiyo mpya ikiwa huru ina milimita 300. Risasi ya mwisho inasukumwa kwa newton 12.9, karibu kama mwanzo. Tatizo moja limeisha. Lakini mizunguko zaidi ina unene zaidi ikibanwa: pale ilipokuwa milimita 40, sasa ni 48. Zile milimita 8 zimetoka kwenye nafasi yako. Kati ya milimita 30 ulizonunua, zimebaki 22, na 22 kugawa kwa 5 ni nne na ushee. Risasi haigawanyiki. Umepata nne.

Ukifikiria waya mnene, kumbuka ugumu unakua kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya mnene kwa asilimia 10 unaleta springi ngumu kwa asilimia 46, na bado inakula nafasi zaidi ikibanwa.

Kwa watu wa kwetu mfano ni gunia la pamba. Unashindilia, linapokea. Unashindilia tena, linapokea kidogo. Mwishoni unakanyaga kwa miguu yote miwili na hakuna kinachoingia. Kiongezeo kinachotangazwa kwa namba kubwa kuliko jirani zake mara nyingi ni lumbesa: imejaa kweli, ila mtu mwingine ndiye anayelipia, na hapa anayelipia ni risasi ya mwisho.

Unahitaji ngapi hasa?

Hapa ndipo napenda hesabu ya namba nzima kuliko matangazo. Kwa kanuni za IPSC, njia ndefu haizidi risasi 32, ya kati 24, fupi 12.

Chukua 32. Ukiwa na magazini za 15, mbili zinakupa 30. Hata ukianza na moja ya ziada kwenye mtutu, ni 31. Lazima ubadilishe mara mbili. Ukiwa na magazini za 17, mbili ni 34: unabadilisha mara moja. Ukiwa na 19? Mara moja. Ukiwa na 21? Mara moja. Ukiwa na 28? Bado mara moja. Faida haipandi kama mteremko, inapanda kama ngazi. Kutoka 15 kwenda 17 umepanda ngazi nzima. Kutoka 19 kwenda 21 umepata nafasi ya kukosea shabaha mbili kwa kila magazini, hakuna zaidi.

Kwa 24, ngazi inayofuata ni ya kutobadilisha kabisa, na hiyo inahitaji zaidi ya 21, yaani ni habari ya daraja la Open.

Wachezaji hawapigi kwa hesabu kavu, najua. Mtu hubadilisha magazini akiwa anakimbia kutoka kona moja kwenda nyingine, na hapo muda hauumi sana. Na kila mtu anataka akiba. Lakini hata ukiongeza akiba, risasi nne zinazopanda kila mara zinashinda sita zinazokwama mara moja kwa siku.

Shaba, alumini na vumbi

Vitako vinauzwa vya plastiki, alumini na shaba nyeupe. Alumini ina gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, shaba nyeupe karibu 8.5. Wengine huchagua shaba wakisema magazini tupu inadondoka haraka. Galileo angepinga, kwani vitu huanguka kwa kasi ileile. Ila ndani ya mpini magazini haianguki huru, inasuguana na kuta, na msuguano uleule unauchelewesha mwili mwepesi kuliko mzito. Kwa hiyo wana hoja. Gharama yake ni uzito chini ya mkono, na kishindo kikubwa zaidi kila inapogonga kokoto.

Na inagonga ardhi, mara nyingi sana. Fikiria uwanja ungekuwa kwenye luseni, ule mchanga wetu. Chembe zinaingia juu ya magazini, zinakaa kati ya kibao na ukuta. Usipake mafuta ndani. Mafuta yanashika mchanga na kuufanya tope la kusagia. Futa kikavu. Bomba refu lina ukuta mwingi wa kusugua, na maungio ya kiongezeo yakiwa na ukingo hata wa unywele, kibao hujikwaa hapo. Pitisha kidole ndani kabla ya kulipa.

Swali la mwisho ambalo huja kila tunapoandika kuhusu springi: ikiachwa imebanwa miezi, inachoka? Chuma kizuri kikibaki ndani ya mipaka yake ya kunyumbuka hupoteza kidogo sana kwa kukaa tu. Kinachokichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa maelfu ya mara, na kubanwa kupita mpaka. Ukilazimisha risasi moja ya mwisho iingie kwa kusukuma na gumba hadi linauma, huo mpaka umeshaugusa.